Madebe ya Munyaka yalivyopanga foleni kudai pesa za sarakasi

Ukungu bado umelalia mabati ya Munyaka, viungani mwa mji wa Eldoret, na tayari madebe yamepanga foleni nje ya kinu cha posho cha Tabitha Waiyego. Wenyewe hawapo.

La kwanza ni jekundu, mshikio wake umefungwa kwa waya. La pili liliwahi kubeba rangi ya ukutani. La tatu ni ndoo ya plastiki iliyopoteza mfuniko, imefunikwa kwa kitambaa cha maua. Yote yamejaa mahindi, moja nyuma ya lingine, yametulia kama watu wanaomsubiri daktari.

Ndani, Bi Waiyego anavuta swichi kubwa ya ukutani. Mashine inakohoa, inanguruma, kisha sakafu nzima inatetemeka. Anainua debe jekundu hadi begani, anamwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine, na unga unaanza kuteremka kwenye mfuko mrefu wa kitambaa, wa moto, wenye harufu ya jikoni.

"Hapa debe ni mtu," anasema kwa sauti ya kushindana na mashine. "Ukisogeza debe la mwenzako umemsukuma mwenyewe. Anaweza kuwa ameenda kukamua, ameenda kanisani, ameenda kulala. Debe limesimama, basi yeye amesimama."

Mwanamke mrefu aliyevaa buti za mvua anaingia akipangusa mikono. Ni Jebet, muuza maziwa wa mtaa huu. Analitazama debe lake, lipo la nne.

"Nani amenipitia, Mama Shiru?" anauliza. Hilo ndilo jina ambalo Munyaka wote humwita Bi Waiyego, kwa sababu ya bintiye mkubwa.

"Hakuna mtu amekupitia. Debe lako linachelewa kuamka kama wewe."

"Haya. Lisage, liko na haraka."

"Na Jumamosi ukichelewa hivi, utakuta wale watu washashuka kutoka juu."

Jebet anacheka mpaka anashika mlango. Wanawake wawili wanaongoja unga wao nao wanacheka. Neno Jumamosi limekuwa likisemwa kinuni hapa wiki nzima, na kila likisemwa mtu anatabasamu.

Si ajabu. Wiki iliyopita tu kinu hiki kilikuwa kimya. Swichi ilikuwa inavutwa na hakuna kilichosikika. Madebe yalikuwa yamehamia kwa kinu kingine upande wa pili wa mtaa, na Bi Waiyego alikuwa ameketi mlangoni akiitazama simu yake ikimeza pesa.

Yote yalianza kwa tiketi za sarakasi.

Bi Waiyego ana umri wa miaka arobaini na saba. Alizaliwa Ol Kalou, akaja Eldoret akiwa msichana kufuata kazi ya kupalilia ngano, akaolewa, akazaa watoto watatu, na mumewe alipofariki akaanza kuajiriwa vinuni. Kinu hiki si chake. Anakikodisha kwa shilingi elfu tisa kila mwezi, na stima ananunua mwenyewe kwa tokeni, kidogo kidogo, kadiri mahindi yanavyokuja.

Anatoza shilingi kumi kwa gorogoro moja, ule mkebe wa kilo mbili, na themanini kwa debe. Siku nzuri, akishatoa stima, anabaki na shilingi mia saba au mia nane. Siku mbaya anabaki na vumbi kwenye kope.

Kazi hii imemlipa, na pia imemchukua. Sikio lake la kushoto karibu limeziba. Ukitaka kuzungumza naye lazima usimame kulia. Kwa sababu hiyo matamasha ya muziki hayajawahi kumvutia.

"Wanasema mwimbaji fulani anakuja, watu wanaenda, wanarudi sauti zimekauka," anasema. "Mimi nitaenda kusikia nini? Ngurumo ninayo hapa bure. Lakini sarakasi ni ya macho. Siku niliposikia redioni watu wa sarakasi wanakuja Eldoret, watu wanabebana mabegani mpaka wanafika juu ya hema, nilisema hii ni yangu."

Aliwaambia wateja wake. Walicheka kwanza. Kisha Jebet akasema naye hajawahi kulipia kiingilio cha kitu chochote maishani isipokuwa choo cha mjini. Kisha mwingine akasema hata yeye. Wakaanza kuweka akiba hapo hapo kinuni: ukija kusaga, unaongeza kumi au ishirini juu ya bei, Bi Waiyego anakuwekea.

Kabla ya mvua za masika kushika kasi, wanawake ishirini na wanne walikuwa wamemaliza kulipa. Tiketi moja ilikuwa shilingi mia tano. Zote zilinunuliwa kwa simu moja, ile ya Bi Waiyego, ambayo pia ndiyo namba ya kulipia kusaga. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya bluu ukutani na kila mtu Munyaka anaijua kwa kichwa.

Siku yenyewe ilipofika, walivaa. Jebet alivaa koti alilonunuliwa na kaka yake. Wengine walikuwa wameshapanda gari kuelekea mjini wakati mawingu yalipofunguka. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilikuwa mawe, makubwa kama mbegu za parachichi, na upepo uliolichana hema la sarakasi kutoka juu mpaka chini. Onyesho likafutwa. Watu walirudi nyumbani wamelowa mpaka mifupani.

"Nilikuta wanawake wangu hapa mlangoni," anasema Bi Waiyego. "Walikuwa wanakamua sketi zao tu."

Kesho yake redio ikatangaza habari njema. Hema linashonwa. Onyesho litarudi. Kila aliye na tiketi anaweza kuibadilisha kwa tarehe mpya kupitia simu, na kubadilisha ni bure.

Bure. Neno hilo Bi Waiyego alilisikia kwa sikio lake zuri, na Jebet akalisikia, na nusu ya mtaa ikalisikia.

Basi akabadilisha. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa ofisini asingelifanya, lakini mtu yeyote aliyewahi kuendesha kinu angelielewa mara moja.

Hakuzibadilisha tiketi zote kwa pamoja. Alizibadilisha moja moja.

Debe la Jebet lilipokuwa kwenye mdomo wa mashine, alibadilisha tiketi ya Jebet. Mahindi yake yalipokwisha, akafagia, akagonga chekeche, akamwaga ya mwingine na kubadilisha tiketi ya huyo mwingine. Siku ilipoisha alikuwa amemaliza wote, kila mmoja na debe lake.

"Kinuni huchanganyi mahindi ya watu," anaeleza, na uso wake unakuwa mzito kama anasoma amri ya kanisani. "Kuna mtu mahindi yake ni ya shambani kwake, amechagua punje kwa mkono. Mwingine amenunua ya bei rahisi. Ukichanganya umemuibia mmoja na umemdanganya mwingine. Hata tiketi niliona ni hivyo. Ya mtu ni ya mtu."

Ya kwanza ilikuwa bure kweli. Hakuna hata senti iliyokatwa, naye akatulia. Kuanzia ya pili, simu ilimtaka aweke namba ya siri ili athibitishe. Aliiweka, mashine ikinguruma, mikono ikiwa na unga, meseji zikiingia na yeye asizisikie. Kila alipoiweka, shilingi mia moja na hamsini ziliondoka.

Pesa zilizokuwa kwenye simu ziliisha kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo makato yalianza kulipwa na ule mkopo wa simu unaofunguka wenyewe ukipungukiwa, na unaojilipa wenyewe pesa yoyote ikiingia. Jua lilipozama, Bi Waiyego alikuwa amekatwa shilingi elfu tatu mia nne na hamsini, na hakujua.

Alijua kesho yake. Stima ilikatika debe likiwa nusu. Akaenda kununua tokeni, simu ikamwambia hana kitu.

Oluoch, mwendeshaji boda boda wa Pioneer ambaye huja kusaga mahindi ya kuku wake, alikuwepo. Anasimulia akiwa ameegemea pikipiki yake.

"Nilimwambia Mama Shiru, ngoja nikutumie ya kwangu themanini ununue tokeni, unimalizie. Nikatuma. Nikaona imeingia. Akafungua simu yake, hakuna. Nikamwambia, mathe, nimetuma, ona hapa. Akasema naona. Tukaangaliana. Ni kama umeweka chakula mezani na ukigeuka sahani ni tupu."

Ndipo akasoma meseji na kuona makato ya tiketi. Kila mteja aliyelipa, pesa zilimezwa. Na kila siku iliyopita, mkopo ulikuwa unaongeza ada yake juu. Bila pesa hakuna stima. Bila stima hakuna kusaga. Bila kusaga hakuna pesa za kulipa mkopo. Na mwenye kinu alikuwa ameshapita mara moja, akasimama mlangoni, akauliza kwa upole ambao haukumfurahisha mtu kama kazi imemshinda, kwa sababu kuna mtu mwingine anakiulizia.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Si tiketi. Kinu.

Ofisi ya kampuni ya tiketi iko mjini, ghorofa ya pili ya jumba moja karibu na Barabara ya Uganda. Bi Waiyego alipanda ngazi akiwa amevaa nguo ya kanisani. Alihudumiwa na msichana wa Chepkoilel anayeitwa Betty, ambaye alifungua kompyuta, akatazama, akatazama tena.

"Mama, kwani mbona hukubadilisha zote pamoja? Unaandika tu ishirini na nne, unabonyeza mara moja, inakuwa bure."

"Na ya Jebet ikipotelea ndani ya ya mwingine?"

"Haziwezi kupotea, mama. Ni namba tu."

"Hata mahindi ni mahindi tu. Lakini jaribu kumpa mtu unga wa mwenzake, uone."

Betty alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alielewa. Mama yake mwenyewe, anasema, aliwahi kugombana na jirani mwaka mzima kwa sababu ya unga uliobadilishana mifuko. Lakini hakuwa na mamlaka ya kurudisha pesa. Akamwita meneja wake, Amos.

Amos ni kijana mtanashati mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka. Hakuwa mkali. Hata alimvutia kiti.

"Mama, sistimu imehesabu umebadilisha mara ishirini na nne. Mara ya kwanza ni bure, hizo zingine zina ada. Na ulikubali. Uliweka namba ya siri mwenyewe."

"Niliweka kwa sababu iliniambia nithibitishe."

"Sasa si ndiyo kukubali?"

"Nilikubali tarehe. Sikukubali kukatwa. Redio ilisema ni bure."

"Redio haikusema ni mara ngapi."

Maneno hayo Bi Waiyego anayarudia mpaka leo, polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. Redio haikusema ni mara ngapi.

Kisha Amos akauliza kama tiketi zote ni zake. Bi Waiyego, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumfaa, akajibu kwamba yake ni moja tu.

"Basi hizo zingine wenyewe waje," Amos akasema. "Siwezi kusikiliza lalamiko la mtu kutoka kwa mtu mwingine. Kila mwenye tiketi aje hapa, apange laini, tumsikilize mmoja mmoja."

Alidhani amefunga mlango. Alikuwa ameufungua wote.

Jioni hiyo wanawake walikutana kinuni, wakakaa juu ya magunia matupu kando ya mashine iliyonyamaza. Bi Waiyego aliwaeleza. Wakakasirika, kisha wakaanza kuhesabu shida zao.

"Mimi niache maziwa iharibike nikasimame kwa ngazi?" Jebet akasema.

"Mimi nikikosa siku moja, tajiri anatafuta mwingine," akasema Nanyama, anayefulia watu nguo huko Pioneer. "Wataka tuchoke turudi nyumbani. Wanajua."

"Hiyo ndiyo maana wamesema tukuje wote," mwingine akadakia.

Nje, debe la mtu aliyekuja asubuhi akakosa stima lilikuwa bado limesimama mlangoni, peke yake, likishikilia nafasi ya kwanza.

Jebet alilitazama kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo sasa linarudiwa Munyaka nzima.

"Kwani hapa huwa tunasimama?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Asubuhi iliyofuata Oluoch alifunga madebe matupu nyuma ya pikipiki yake kwa mipira, marefu kuliko yeye, akashuka mjini safari baada ya safari. Polisi wa barabarani mmoja alimsimamisha na kumuuliza anahamia wapi. "Napeleka watu ofisini, afande," akamjibu, akapita.

Ofisi ilipofunguliwa, madebe yalikuwa yameshapanga laini. La Jebet lilikuwa limegusa kaunta. Yaliyofuata yalipita mlangoni, yakakunja kona, yakashuka ngazi moja moja, kila ngazi na debe lake, mpaka karibu na duka la simu la ghorofa ya chini. Bi Waiyego alikuwa kando, mikono kifuani, kama anavyosimama kila siku.

Betty alifika, akasimama, akaweka mkono mdomoni.

"Mama, watu wako wako wapi?"

"Hao hapo."

Wateja wengine walianza kuja. Walimu, wanafunzi wa chuo, mzee mmoja na mjukuu wake. Na hapa ndipo Eldoret ilipojionyesha. Hakuna hata mmoja aliyelipita debe. Walipanda ngazi, wakaona, wakauliza nani wa mwisho, wakaonyeshwa ndoo ya plastiki isiyo na mfuniko, wakasimama nyuma yake.

Amos alipokuja, ilimbidi apite akijipenyeza ukutani.

"Hii ni nini?" akamuuliza mlinzi, Mzee Wachira.

"Ni laini, bosi."

"Laini ya nani?"

"Ya hawa," mzee akasema, akielekeza rungu lake kwenye madebe.

"Yatoe, mzee."

Mzee Wachira hakusogea. "Bosi, nikitoa hiyo, mwenyewe akikuja nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi nimesema."

"Basi itoe wewe."

Amos aliinama. Alishika mshikio wa debe jekundu, ule wa waya. Akakaa hivyo, ameinama, kwa muda ambao kila aliyekuwepo anausimulia kwa urefu tofauti. Kisha akauachia.

"Nimekulia Moiben," Amos amekiri alipoulizwa na gazeti hili. "Shuleni tukitoka, kazi yangu ilikuwa kupeleka debe la nyumbani kinuni na kulipanga. Siku moja jirani alilisogeza debe letu, na nyanya yangu alitembea mpaka kwake na fimbo. Nilipolishika lile jekundu, mkono ulikataa."

Mkono ulikataa, lakini ulimi haukukubali mapema. Alimwita Bi Waiyego kando, akajikuta upande wa sikio lisilosikia vizuri, ikabidi arudie upande wa pili.

"Mama, tusisumbuane. Nikupe viti viwili vya mbele kabisa. Pale ambapo unaona hata jasho la mtu. Wewe na rafiki yako. Tumalize."

"Na hao wengine niwaambie nimewauza kwa viti viwili?"

"Hujawauza. Ni zawadi."

"Zawadi yako ipeleke kwa mama yako. Mimi nataka stima yangu."

Betty naye alikuwa ameshaketi kwenye kaunta. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka chini, "Debe la kwanza."

"La Jebet," akajibu Bi Waiyego.

Betty akampigia Jebet kwa namba aliyopewa na Bi Waiyego, akaweka simu ya kaunta kwenye spika. Sauti ya Jebet ikajaza ofisi, pamoja na sauti za wateja wake wa maziwa.

"Ndiyo, ni mimi. Tiketi ni yangu na sikuambiwa nitalipa kubadilisha. Debe langu liko hapo? Msilisogeze. Wewe, nusu lita ni thelathini na tano, usiniletee thelathini. Haya, andika hapo nimelalamika. Andika vizuri."

Watu walipasuka kwa kicheko. Betty akaandika. Jebet alipokata simu, Bi Waiyego akalitoa debe lake, akasogeza la pili mpaka kaunta, na yote yaliyobaki, moja baada ya lingine, yakasogezwa hatua moja mbele na watu waliosimama kwenye ngazi. Hakuna aliyewaomba. Kila mmoja aliinua lililo mbele yake.

"Debe la pili."

"La Nanyama."

Nanyama alipokea simu mikono ikiwa na povu. Ndipo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Joseph Kipkoech, aliyekuwa nyuma ya ndoo, akaanza kuichunguza simu yake mwenyewe. Alikuwa amebadilisha tiketi yake, kisha ya mkewe, kisha za watoto wawili.

"Hata mimi nimekatwa," akasema.

Mwanafunzi aliyekuwa nyuma yake akatoa simu. Naye alikuwa amekatwa. Kisha yule mzee akampa mjukuu simu amsomee. Ngazi ikageuka mvumo wa watu wakifungua meseji za wiki iliyopita. Debe la saba lilikuwa linafika kaunta wakati Amos alipoingia chumba cha ndani na kuipigia Nairobi simu ndefu.

Alipotoka hakuwa na maneno mengi. Ada zote za kubadilisha tiketi za onyesho lililofutwa zitarudishwa, kwa kila mtu, iwe alibadilisha mara mbili au mara mia. Hakuna haja ya madebe mengine kuitiwa wenyewe.

Simu ya Bi Waiyego ilitetemeka mfukoni. Alikuwa ameishika humo humo kwa mkono, asithubutu tena kuiacha. Pesa ziliingia, mkopo ukachukua chake kama kawaida yake, na kilichobaki kilibaki. Alitazama. Akangoja. Kikabaki.

Alinunua tokeni pale pale kwenye ngazi, ameketi juu ya debe la mtu kwa mara ya kwanza maishani. Jioni hiyo swichi ilivutwa na Munyaka ikasikia.

Si kila kitu kimerudi. Zile ada za kila siku za mkopo wa simu, shilingi mia mbili na kidogo, kampuni ya tiketi inasema si zake na watu wa mkopo wanasema si kosa lao. Bi Waiyego hajakubali. Amewapigia mara nne, na anasema atapiga ya tano akipata nafasi. Kodi ya kinu ameilipa, na mwenye kinu, aliyekuja tena mlangoni, safari hii alikuja na debe lake na kulipanga nyuma kama watu wengine.

Kwa upande wake, Amos anasema sistimu imerekebishwa ili mtu aone ada kabla ya kuweka namba ya siri. "Ilikuwa inafanya ilivyoandikwa," anasema. "Lakini walioiandika hawakuwa wamewahi kusaga."

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Kwa sababu tiketi zilibadilishwa moja moja kutwa nzima, kila mwanamke alipewa kiti mbali na mwenzake. Jebet alikuwa nyuma kabisa karibu na nguzo. Nanyama alikuwa katikati ya wanafunzi wa chuo. Bi Waiyego mwenyewe alikuwa peke yake kwenye kona ya kushoto.

Betty ndiye aliyeligundua, akampigia simu. Alisema anaweza kuwaweka wote safu moja. Wabadilishe tena tu.

"Bure?" Bi Waiyego akauliza.

"Bure, mama. Naapa."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Zote pamoja."

Kisha Bi Waiyego akamwambia, "Basi bonyeza wewe. Mimi simu yangu siigusi."

Betty akabonyeza. Wanawake ishirini na wanne wa Munyaka sasa wana safu yao, upande wa kulia wa hema, na Bi Waiyego amewekwa mwisho wa safu ili sikio lake zuri lielekee kwa wenzake.

Kinu kina saa chache tu za kufanya kazi kabla ya Jumamosi, na mahindi ni mengi, kwa maana kila mtu anataka unga wa siku mbili. Bi Waiyego anamwaga debe la Jebet kwenye mdomo wa mashine na kupangusa uso kwa kiwiko. Nyusi zake ni nyeupe.

"Wiki ile kinu kilizimwa na deni," anasema. "Jumamosi nitakizima kwa mkono wangu. Ni tofauti kubwa. Hata mashine itajua."

Ana mipango mingine. Anataka kuweka pesa za kusaga kwenye namba yake tofauti, isiyo na mkopo, na ameshaanza kupaka rangi ukutani juu ya ile ya zamani. Anataka, mvua zikiisha na mavuno yakija, azungumze na mwenye kinu amuuzie mashine kidogo kidogo. Ameshapiga hesabu kichwani, na Jebet amesema atamdhamini.

Lakini ukimuuliza anachokingoja zaidi huko kwenye sarakasi, hasemi kwamba ni watu wa kuruka, wala wa moto, wala yule mtu anayesemekana hutembea juu ya kamba akiwa amefungwa macho.

"Hawa wanawake nimewajua miaka," anasema, akiangalia foleni ya mlangoni, ambako wenyewe sasa wameanza kufika na kuinamia madebe yao. "Nikiwaona, wanaangalia chini. Wanaangalia mahindi, wanaangalia unga, wanaangalia pesa mkononi. Mimi mwenyewe niko hivyo. Basi Jumamosi wale watu wakipanda juu, mimi sitaangalia juu mara moja. Nitageuka kwanza niangalie safu yangu. Nataka nione wote wameinua uso."